Osha Nje, Ndani Paache

Uke hauoshwi ndani. Hauoshwi kwa sabuni, wala kwa ndimu, wala kwa maji ya chumvi, wala hata kwa maji matupu na kidole kilichokatwa kucha. Nalitanguliza hilo bila kuzunguka kwa sababu wako wanawake wengi mno wanaotibiwa harufu, muwasho na uchafu ukeni mwezi hadi mwezi. Wanameza dawa, wananunua krimu, wanapata nafuu, kisha hali inarudi vilevile. Na katika kuhangaika kote huko hakuna aliyewauliza wanajisafishaje wanapoingia bafuni.

Najua hapo nagusa mafunzo. Mtoto wa kike wa pwani akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo yake. Akikaribia kuolewa huja kungwi, na siku hizi mjini mambo hayo husemwa hata mbele ya umati kwenye kicheni pati. Humo hufundishwa mengi ya maana: kujistahi, kuishi na mwenzio kwa maelewano, kujihifadhi vizuri siku za hedhi. Lakini humo humo mwali huambiwa aingize kidole na kuzungusha mpaka ahisi pamekuwa safi, na kwamba akiona bado pana utelezi, hajamaliza. Utelezi huo ndio afya yake, naye anaambiwa aukwangue.

Nyuma ya mafunzo hayo pana hofu ya kuambiwa unanuka. Mwanamke akishatiwa hofu hiyo hukubali kila anachopewa: sabuni ya kipande, dawa ya kuua vijidudu iliyochanganywa na maji, kitunguu saumu, shabu, ugoro, marashi, na vile vifuko vinavyouzwa mitandaoni eti vinasafisha kizazi. Ubaya ni kwamba karibu vyote hivyo huleta kile kile anachokikimbia.

Ndani pana nini

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ana homoni ya estrojeni, na homoni hiyo huzifanya kuta za uke zihifadhi sukari iitwayo glikojeni. Ndani ya uke huishi bakteria wanaoitwa laktobasili, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi. Glikojeni inapovunjwavunjwa, laktobasili huigeuza kuwa asidi ya laktiki. Ndiyo maana uke wenye afya una uchachu, na ukipimwa pH yake huwa kati ya 3.8 na 4.5. Daktari wa Kijerumani Albert Döderlein aliwaeleza bakteria hao mwaka 1892, kwa hiyo jambo hili si geni katika utabibu. Katika uchachu huo, vijidudu vingi vya maradhi hushindwa kustawi.

Sasa chukua sabuni ya kipande, ambayo pH yake huwa karibu 9 au 10, uiingize humo. Uchachu unapotea, laktobasili wanapungua, ngozi laini ya ndani inachubuka bila wewe kuhisi. Nafasi iliyoachwa wazi huchukuliwa na bakteria wa aina nyingine, wale wasiopenda hewa, na hao ndio wanaotoa harufu ya samaki. Mwanamke akiisikia harufu hiyo anajiona mchafu, anajiosha zaidi, na mambo yanazidi kuharibika.

Hili limechunguzwa hapa hapa kwetu. Utafiti uliofanyika Mombasa kwa takriban miaka kumi na kuchapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake 1,270 wanaofanya biashara ya ngono, ambao mwanzoni hawakuwa na virusi vya UKIMWI. Wakilinganishwa na wasiojiosha ndani, waliojiosha ndani kwa maji walionekana kupata maambukizi ya VVU mara mbili na nusu hivi zaidi, na waliotumia sabuni karibu mara nne. Mwaka 2011 zikakusanywa pamoja takwimu za wanawake zaidi ya 14,000 kutoka tafiti mbalimbali za Afrika, na tena sabuni, pamoja na kujipangusa ndani kwa kitambaa au karatasi, vikaonekana kwenda sambamba na hatari hiyo. Yawezekana yapo mambo mengine katika maisha ya wanawake hao yaliyochangia. Hata hivyo, hakuna utafiti ninaoujua mimi uliowahi kuonyesha kwamba kuosha ndani kunamlinda mwanamke na ugonjwa wowote.

Uchafu usio uchafu

Kila mwanamke mwenye hedhi hutokwa na majimaji. Katikati ya mwezi, yai linapokaribia kutoka, ute huwa mwingi, mwangavu na unaovutika. Karibu na hedhi huwa mzito na mweupe. Wakati wa mimba huongezeka. Ukikauka kwenye chupi huacha alama ya njano hafifu, na chupi nyeusi au ya bluu huchujuka rangi pale katikati kwa sababu ya ule uchachu. Wasichana wengi wakiona chupi imechujuka hudhani wameoza ndani, wakanyamaza nayo miaka. Mama, mwambie binti yako mapema kwamba hiyo ni dalili ya mwili unaofanya kazi.

Uke pia una harufu yake ya kawaida, na harufu hiyo hubadilika kidogo baada ya hedhi, baada ya jasho na baada ya tendo la ndoa. Haihitaji kufichwa kwa marashi. Kinachotakiwa kukushtua ni mabadiliko: harufu mpya kali, rangi mpya, muwasho, maumivu, au damu isiyo ya wakati wake.

Maradhi hayafanani

Simama jioni kwenye duka la dawa lolote la mtaani. Mwanamke anaingia, anasubiri wateja wanaume watoke, kisha anainama juu ya kaunta na kusema kwa sauti ya chini, "Kaka, nipe ya fangasi." Muuzaji hamuulizi kama anawashwa au ananuka, uchafu ni mzito au mwepesi, ana mimba au hana. Anampa kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 na paketi ya vidonge vya kuweka ukeni, anafunga kwenye gazeti, basi. Ikiwa kweli ni fangasi, huenda akapona. Ikiwa si fangasi, ametupa fedha na ugonjwa unaendelea. Na kama ni mjamzito, kidonge kile cha kumeza hakikumfaa kabisa.

Fangasi za ukeni huletwa na kimelea kiitwacho kandida. Dalili yake kubwa ni muwasho, pamoja na wekundu na kuungua mkojo unapogusa ngozi. Uchafu wake huwa mweupe, mzito, wa mabonge kama maziwa yaliyoganda, na kwa kawaida haunuki. Karibu wanawake watatu katika kila wanne huupata angalau mara moja maishani, kwa hiyo hauna fedheha yoyote. Hupenda kuja baada ya kutumia antibayotiki, wakati wa mimba, na kwa mwenye kisukari. Ukikurudia mara nne au zaidi katika mwaka, pima sukari na VVU badala ya kubadilisha krimu tu.

Ugonjwa wa pili ni ule ambao kliniki nyingi huuita BV, yaani bakteria wa ukeni kupoteza uwiano wao. Huu ndio mwenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa au hedhi, kwa sababu shahawa na damu hupunguza uchachu na kuiachilia harufu. Uchafu wake ni mwepesi, mweupe unaoelekea kijivu, na muwasho huwa mdogo au haupo. Hutibiwa kwa metronidazoli, kwa kawaida mara mbili kwa siku kwa siku 7, au kwa klindamaisini. Dawa ya fangasi haiugusi. Huu pia ndio ugonjwa unaohusishwa zaidi na kuosha ndani, na kwa mjamzito unahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Wa tatu ni trikomona, kidudu kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Huleta uchafu wa njano au kijani, wakati mwingine wenye povu, pamoja na harufu na muwasho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 peke yake kulikuwa na maambukizi mapya milioni 156 duniani, na bado watu wengi hawajawahi kulisikia jina lake. Mwanamume huweza kuwa nacho bila dalili, kwa hiyo wenza hutibiwa pamoja.

Kisha wapo kisonono na klamidia. Hawa wanatisha kwa ukimya wao: wanawake wengi hawaoni dalili yoyote mpaka vijidudu vimepanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Maumivu ya chini ya kitovu, homa, maumivu wakati wa tendo, damu katikati ya mwezi. Zikifika hapo dalili, usingoje. Mirija ikishaharibika, utasa na mimba kutunga nje ya kizazi huwa karibu.

Na ile "UTI sugu"

Siku hizi kila anayewashwa huambiwa ana UTI. Maambukizi ya njia ya mkojo ni kitu kingine: mkojo unauma unapotoka, unaenda chooni kila mara, unatoka kidogo kidogo. Mara nyingi bakteria wake hutoka kwenye haja kubwa ya mtu mwenyewe. Choo cha shule au cha stendi hakirushi ugonjwa huo juu. Kinachoumiza zaidi ni kubana mkojo kutwa nzima kwa kukiogopa choo, na kukataa kunywa maji ili usiende.

Tatizo jingine liko kwenye kikopo. Mwenye uchafu ukeni akitoa mkojo wa mwanzo, seli nyeupe za ukeni huingia humo, mkojo unaonekana una maambukizi, anaandikiwa antibayotiki. Antibayotiki zinaua laktobasili, fangasi zinapanda, anarudi na muwasho, anapimwa mkojo tena, anaambiwa UTI yake imekuwa sugu. Ukipewa kikopo, jisafishe kwa nje, achia mkojo wa mwanzo uende, kinga wa katikati. Na kama kinachokusumbua ni uchafu au harufu ya ukeni, sema waziwazi: "Naomba nipimwe ukeni, si mkojo tu."

Kipimo chenyewe ni cha muda mfupi. Muuguzi au daktari huchukua majimaji kwa kijiti chenye pamba, yanaangaliwa kwa hadubini na kupimwa uchachu. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, na una haki ya kuambiwa jina la ugonjwa uliokutwa nao. Palipo na zahanati isiyo na maabara, utatibiwa kwa kufuata dalili. Nao ni utaratibu unaokubalika, ila usipopata nafuu omba rufaa badala ya kurudia dozi ile ile. Dozi imalizwe, na usimgawie shoga yako nusu. Ukitumia krimu au vidonge vya ukeni, jua kwamba baadhi yake hudhoofisha kondomu.

Mume naye

Kwa miaka mingi mwanamke mwenye BV alitibiwa peke yake. Mwezi Machi 2025 watafiti wa Australia walichapisha matokeo yanayopaswa kubadilisha mazungumzo ya vyumbani mwetu. Waliwachukua wanawake wenye BV walio na mwenza mmoja tu. Katika kundi la kwanza alitibiwa mwanamke tu. Katika kundi la pili mwanamume naye alipewa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni kwa siku 7. Ndani ya wiki 12 ugonjwa ulikuwa umewarudia asilimia 63 ya wanawake wa kundi la kwanza, na asilimia 35 ya wale ambao wenza wao walitibiwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikuwa wazi.

Basi dada, ikiwa BV inakurudia na una mwenza, nenda naye kwa daktari, au peleka swali hilo kwa niaba yake. Na wewe kaka unayesoma, usafi wa mkeo usiuhukumu kwa pua. Huenda unachokisikia umekibeba wewe bila kujua, na neno moja la kebehi linaweza kumpeleka kwenye ndimu na shabu kwa miaka.

Hilo linanifikisha kwenye kuubana uke. Wapo wanaume wanaosifia ukavu, na wapo wanawake wanaoingiza shabu au ugoro ili wapendeze. Ukavu huo ni ngozi iliyoungua na kunyauka. Hupasuka wakati wa tendo, kondomu hukatika kirahisi, na vijidudu vikiwamo vya UKIMWI hupata mlango. Utelezi ni alama ya mwanamke mzima wa afya na aliye tayari. Mapenzi yanayodai uumie si ya kuyafundisha mabinti.

Namna ya kujisafisha

Oga kila siku, na sehemu za nje zisafishe kwa maji safi na kiganja: mashavu makubwa, mikunjo iliyo kati yake na mashavu madogo, kuzunguka kisimi, na mwisho njia ya haja kubwa. Mara moja kwa siku inatosha, na siku za hedhi mara mbili. Ukitaka sabuni, iwe laini isiyo na manukato, iishie kwenye mavuzi na kinena, na isuuzwe vizuri. Dodoki lisifike huko.

Ukitawaza, maji na mkono vitoke mbele kwenda nyuma. Usirudishe mbele mkono uliogusa nyuma. Kisha jikaushe kwa kubonyeza, si kwa kusugua. Kopo la chooni lifunikwe au lisuuzwe kabla ya kutumiwa.

Chupi za pamba huachia jasho likauke. Zibadilishe kila siku, zianike juani, si nyuma ya mlango wa bafu kwa aibu. Nguo ya kubana iliyolowa jasho ivuliwe mapema, na lala bila chupi ukiweza. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Anayetumia vitambaa avifue kwa sabuni, avisuuze sana, avianike penye jua mpaka vikauke kabisa. Kitambaa kilichokaushwa chini ya godoro hubaki na unyevu. Baada ya tendo la ndoa, kojoa na ujisafishe kwa nje. Shahawa zitatoka zenyewe.

Kujifukiza udi kwenye nguo na nywele ni uzuri wetu, ila moshi na mvuke visielekezwe ukeni, kwani huunguza.

Dada zangu Waislamu huniuliza kuhusu josho la janaba na la hedhi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, kinachopasa kuoshwa ni kile kinachodhihiri mwanamke anapochuchumaa. Kuingiza kidole si sharti la tohara. Mwenye shaka amuulize mwalimu wake wa dini, atatulia.

Watoto, wazee, na dalili zisizongoja

Mtoto wa kike aoshwe kwa maji, kwa nje, bila kuchokonolewa. Kabla ya kuvunja ungo ngozi yake ni nyembamba na haina kinga ile ya uchachu. Akitokwa na usaha au damu mpeleke hospitali, na umuulize kwa upole bila kumtisha. Pengine ameingiza kitu akicheza, na pengine ameumizwa na mtu. Vyote viwili vinahitaji daktari upesi.

Mama aliyekoma hedhi hukauka kwa sababu estrojeni imepungua. Kuwashwa kwake mara nyingi ni ukavu, na sabuni humzidishia. Ipo tiba, asiambiwe kuwa ni uzee tu. Na akiona damu baada ya kukoma hedhi, hata tone, aende akapimwe. Vivyo hivyo kwa mwanamke wa umri wowote anayetoka damu baada ya tendo la ndoa au mwenye uchafu wenye damu na harufu mbaya usiokoma, kwa sababu saratani ya shingo ya kizazi huweza kujificha humo. Uchunguzi wake wa kupaka siki maalumu hufanyika kwenye vituo vingi vya afya. Wasichana nao wana chanjo ya kuikinga saratani hiyo, iitwayo chanjo ya HPV: Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Binti yako asiikose.

Nimalizie kwa makungwi na masomo, maana ninyi mnasikilizwa kuliko daktari. Sikuombeni mwache kufundisha. Nawaomba mbadilishe somo moja. Mwali anapokaa mbele yenu, mwonyesheni kwa jina sehemu zake za nje na namna ya kuziosha. Mwambieni utelezi si aibu. Mwambieni akiwashwa, akinuka kusiko kawaida au akiumwa, aende kupimwa kabla ya kununua chochote, na aulize jina la ugonjwa. Na yule aliyekuwa akijiosha ndani tangu usichana aanze leo kuacha. Siku chache za mwanzo atajihisi hajajisafisha, kwa mazoea tu, avumilie. Na kama harufu ilikuwapo tayari, asirudie kidole. Aende kliniki.